Shangazi, Wifi Ananilisha Sumu

*Mimi ni mzaliwa wa Mwanza, nina miaka 29, nimeolewa na Mkongo wa Bukavu na tunaishi Kansanga, Kampala, huu mwaka wa nne. Mume wangu ni dereva wa malori, akitoka hukaa njiani wiki mbili, tatu. Tangu mwaka jana tunaishi na dada yake, na yeye ndiye anayepika, kwa sababu mimi nashinda kwenye kibanda changu cha vitenge kando ya Ggaba Road.*

*Miezi sita iliyopita nilianza kuumwa tumbo, kiungulia hakiishi, nikapungua mpaka sketi zikawa zinanivuka. Jirani yangu, naye ni mtu wa Bukavu, aliniambia bila kupepesa macho: hii ni karuho, umelishwa. Mwenye nyumba wetu Mganda akasema ni obutwa. Maneno mawili, maana moja. Nikapelekwa kwa mzee mmoja mjini anayetibu kwa dawa za Kihindi. Alinishika mshipa wa mkono, akaangalia ulimi, akaniuliza nakula na nani na naota nini. Nilipomwambia naota paka, na mara moja niliota mto uliokauka, alitikisa kichwa. Akasema vitabu vyao vya kale vinaita ugonjwa huu garavisha, sumu ya kuchanganywa kwenye chakula na mtu wa ndani ya nyumba. Akanipa vidonge vyeusi na unga wa kijivu wa kulamba na asali. Natumia mwezi wa nne sasa, nimeshalipa zaidi ya laki nne za Uganda.*

*Kiungulia kimepungua, Shangazi, lakini tumbo sasa linanikata kama kisu, choo napata baada ya siku nne, kichwa kinauma, na mdomoni nasikia ladha kama nimelamba sarafu. Mzee anasema ndivyo sumu inavyotoka. Juzi nimepima, nina mimba ya miezi miwili na nusu. Sijamwambia mtu. Nyumbani siwezi kula tena, nanunua rolex, chapati ya mayai, njiani. Je, hiyo sumu wanayoisema Wahindi ipo kweli? Na nimfukuze wifi kabla kaka yake hajarudi?*

*Mama Mtarajiwa, Kansanga*

Mwanangu,

Kabla ya kujibu ulichouliza, acha nijibu ambacho hukuuliza. Kuanzia saa hii usimeze kidonge kingine cheusi wala usilambe ule unga. Usivitupe pia. Viache kwenye karatasi yake ileile, funga ndani ya mfuko wa plastiki, kaveera kama mnavyoita huko, weka mahali pa juu. Umekuwa ukiichunguza sufuria ya wifi yako kwa miezi, na hujaniandikia hata mstari mmoja wa kuichunguza karatasi hiyo.

Sasa twende kwenye garavisha.

Nimekulia Ngamiani, Tanga, na mtaani kwetu alikuwepo mzee wa Kihindi aliyeuza mvuje, shubiri, bizari na magome ambayo majina yake siyajui hadi leo. Alikuwa na mizani ya shaba ndogo kama ya sonara na meza ya droo nyingi. Bibi yangu alinituma shubiri ya kumwachisha ziwa mdogo wangu, na mzee yule hakufungua droo mpaka aulize: nani atakunywa, ana umri gani, anaumwa nini kingine. Nilipokuwa mkubwa nikafanya kazi kwenye dirisha la dawa la hospitali miaka ishirini na kitu, na maswali yalikuwa yaleyale matatu. Kwa hiyo usitegemee nikucheke kwa kwenda kwenye dawa za Kihindi. Vitabu vyao nimevisoma kwa tafsiri, na habari ya sumu imo humo kwa kirefu kuliko watu wanavyodhani.

Tiba yao, Ayurveda, ina matawi manane, na moja zima ni la sumu. Linaitwa Agada Tantra. Wameandika juu yake Charaka na Sushruta, majina mawili ambayo kila mtabibu wa Kihindi huyataja kwa heshima. Hawakuridhika kusema kwamba sumu inaua. Walitaka kujua inauaje. Jibu lao ni kwamba sumu ina tabia kumi, na ni tabia hizo zinazofanya kazi, siyo ukubwa wa kipande ulichomeza. Ni nyepesi, kavu, ya moto, kali. Ni ya haraka. Haina utelezi, kwa hiyo haigandi mahali. Ni laini kiasi cha kupenya kwenye njia ndogo kabisa za mwili. Inalegeza viungo. Ladha yake haisemeki. Na tabia niipendayo zaidi kuieleza ni ile ya kusambaa kabla haijayeyushwa tumboni. Chakula husubiri kisagwe ndipo kiende mwilini, sumu haisubiri. Dondosha tone la mafuta ya taa kwenye beseni la maji ulitazame linavyokimbilia ukingoni, utawaelewa.

Kwa nini kumi? Kwa sababu wanaamini ndani ya moyo kuna kiini cha uhai, wanakiita ojas, nacho kina tabia kumi zilizo kinyume: kizito, baridi, laini, kitamu, cha mafuta, kilichotulia. Sumu inapoingia, kila tabia yake inamshukia mpinzani wake. Ukavu wake unachafua upepo wa mwili, moto wake unachafua nyongo, ukali wake unavuruga akili, na kiini kile kikiisha mtu amekwisha. Pombe nayo wameiwekea tabia karibu zote hizohizo, tofauti ni ladha tu, maana ya pombe ni uchachu unaojulikana. Wanaokunywa pale Kabalagala usiku kucha wasiniandikie, sikuandika mimi.

Na hapo ndipo maziwa yanapoingia. Kwao maziwa ya ng'ombe yana tabia zote kumi za kile kiini, ndiyo maana mtu aliyekula sumu walimpa kwanza maziwa, samli au asali ili kuukinga moyo. Sisi nasi, kutoka Tanga hadi Kansanga, mtu akinywa kitu kibaya tunakimbilia maziwa, ingawa hakuna aliyetufundisha sababu. Hospitali haikubaliani nasi. Maziwa hayaondoi sumu mwilini, na aliyekunywa mafuta ya taa hatapishwi, kwa sababu yakipanda yanaingia mapafuni. Hilo nimelichomeka tu kwa faida ya wasomaji wengine wenye watoto.

Sumu ya ghafla, ya nyoka au ya mizizi, Charaka anasema inakwenda kwa mawimbi manane. Wimbi la kwanza mtu ana kiu, mate yanajaa, anatapika. La pili linaingia kwenye damu, rangi ya mwili inabadilika, anatetemeka, anapiga miayo. La tatu nyama, ngozi inawasha na kuvimba. Yanaendelea hivyo, macho yanaona giza, kwikwi inashika, mabega yanaanguka, na la nane ni kifo. Sushruta amehesabu saba. Ukisoma unaona ni watu waliokaa kando ya kitanda cha mgonjwa wakatazama, siyo waliokaa chini ya mti wakabuni.

Lakini wewe hujaniuliza habari ya nyoka. Umeniuliza ya sumu ya polepole, na hiyo wanayo ya namna mbili.

Ya kwanza ndiyo garavisha yako. Si mmea mmoja, ni mchanganyiko, na waliotajwa kuwa wapikaji wake ni maadui na, samahani kwa neno hili, wanawake wanaotaka wapendwe na waume zao: jasho na uchafu wa mwili ndani ya chakula. Mtu wa Tanzania hahitaji kamusi ya Kisanskriti hapo. Hilo ni limbwata. Dalili walizoandika ni kukonda, kupauka, tumbo kukataa kazi, mikono na miguu kuvimba, tumbo kujaa. Na ndoto. Mgonjwa anaota mbweha, paka, nyoka, nyani, mito na miti iliyokauka, au anajiona hana pua. Kwa hiyo mzee wako hakubuni ulipomtajia paka na mto. Paka yumo kwenye kitabu cha Charaka. Hata swali la nani unakula naye limo: tabibu ameagizwa aulize amekula nini, lini, pamoja na nani.

Kitabu kipo na maneno yamo. Sasa angalia dalili zenyewe. Kukonda, kupauka, tumbo kukataa. Hizo ni dalili za vidonda vya tumbo. Ni za kifua kikuu. Ni za minyoo ya safura, za homa ya ini, za Ukimwi usiotibiwa, za kisukari, za huzuni. Watu walioishi zama ambazo hakukuwa na hadubini waliweka magonjwa kumi kwenye kapu moja na kuliandika jina, kama watu wa Kivu walivyoweka kapu lao wakaliita karuho na Waganda lao. Si ujinga. Ni kapu tu. Ubaya wake ni kwamba jina la kapu linamtafuta mtu. Mdudu wa vidonda vya tumbo hana ndugu wa kufukuzwa nyumbani, lakini karuho lazima iwe na mkono ulioitia kwenye sahani.

Ndoto usizihesabu. Nani Kansanga haoti paka, na paka wenyewe wamejaa kwenye majalala ya soko?

Aina ya pili wanaiita dushivisha. Ni sumu kuukuu, iliyochoka, haina nguvu ya kuua. Mwili unaizungushia ute, inalala humo miaka, halafu siku ya mawingu, au ya upepo, au ukila vyakula visivyopatana, inaamka. (Samaki na maziwa wamo kwenye orodha yao ya visivyopatana. Bibi yangu naye alitukataza, akisema tutatoka mbalanga.) Hii dushivisha nilipoisoma mara ya kwanza nilifunga kitabu nikakaa kimya kidogo, kwa sababu ipo metali moja inayofanya karibu hivyohivyo, nayo ni risasi.

Risasi ikiingia mwilini, mwili unaidhani ni kalisi ya mifupa. Kwenye damu inakaa kama mwezi mmoja ndipo ipungue nusu. Iliyobaki inajificha mfupani, na huko inahesabu miaka makumi. Wakati wa kukaa damuni inaziba kazi ya kutengeneza wekundu wa damu, ndiyo maana mtu anapauka. Inashika mishipa ya fahamu na misuli ya utumbo, ndiyo maana tumbo linakata na choo kinafunga. Kichwa kinauma, uchovu hauishi, mdomo unakuwa na ladha ya metali. Kisha mwanamke akishika mimba, mifupa yake inatoa kalisi kwa ajili ya mtoto, na risasi iliyolala inatoka nayo. Inavuka kondo la nyuma. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Wahindi wa kale risasi waliiita naga, jina lilelile la nyoka. Sisi tumeiita kwa jina la kinachotoka kwenye bunduki. Hakuna aliyeisifia.

Umeshaona ninakoelekea. Tiba ya garavisha kwenye kitabu hichohicho ni kumtapisha mgonjwa, kisha kumlambisha unga laini wa shaba na asali, kisha unga wa dhahabu, wakiamini sumu haimgandi aliyekula dhahabu kama maji yasivyoganda kwenye jani la yungiyungi. Baadaye likakua tawi la dawa za metali, Rasashastra, ambalo mfalme wake ni zebaki. Zebaki inasagwa pamoja na salfa mpaka ule mng'ao unapotea, inabaki poda nyeusi kama masizi ya sufuria, na poda hiyo ni msingi wa vidonge vingi vyeusi. Shaba, chuma, bati na risasi huchomwa mara nyingi hadi ziwe majivu, bhasma. Wenyewe wana kanuni ndefu za kuzisafisha, kuzipima, na kujaribu kama majivu yameiva. Wanafundisha kwamba sumu kali ikitumiwa vizuri ni dawa, na dawa ikitumiwa vibaya ni sumu kali. Sina ugomvi na sentensi hiyo. Ugomvi wangu ni na karatasi isiyo na jina la kiwanda, isiyo na tarehe, isiyosema kilichomo, ikapewa mwanamke wa miaka 29 bila kumuuliza ameona siku zake lini.

Simwambii mtu kwamba vidonge vyako vina risasi au zebaki. Sijavipima. Nakuambia kwa nini vipimwe. Mwaka 2004 madaktari wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya kupima dawa 70 za Ayurveda walizonunua kwenye maduka ya Wahindi ya eneo lao. Kwenye 14 walikuta risasi, zebaki au aseniki. Mwaka 2008 walichapisha matokeo ya nyingine 193 zilizonunuliwa kwa njia ya intaneti, na karibu moja katika kila tano ilikuwa na metali hizo. Kati ya zile za tawi la Rasashastra, zilikuwa mbili katika kila tano. India yenyewe haikukaa kimya, tangu 2006 imetaka dawa zake za mitishamba mitupu zipimwe metali nzito kabla ya kusafirishwa nje. Angalia vizuri maneno yale: mitishamba mitupu. Unga wa kijivu haumo.

Na usidhani mambo haya ni ya Wahindi peke yao. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika kuhusu wagonjwa wa figo waliovimba mwili, wengi wanawake, na zaidi ya nusu ya wagonjwa hao walikuwa wanapaka krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Walikuwa wakijipaka wenyewe, kwa hela yao, mbele ya kioo.

Kwa hiyo nami nina maswali ambayo mzee hakukuuliza. Unapaka krimu au sabuni ya kujichubua? Unatia wanja wa manga, ule wa jiwe? Wanja wa namna hiyo mara nyingi ni jiwe lenye risasi lililosagwa, na mtoto akizaliwa usimpake hata akina mama wakikushinikiza. Unakula udongo? Huko Kampala nimeona wajawazito wakitafuna emumbwa, vijiti vya udongo vilivyochanganywa na majani, kama sisi tunavyotafuna udongo wa Pemba, na udongo wa kula unaweza kuwa na risasi ndani yake. Karanga zako unazisaga mwenyewe au unanunua zilizosagwa? Karanga na mahindi yenye ukungu yana sumu inayoharibu ini, na hiyo ndiyo sumu ya chakula iliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004 na watu 20 Dodoma na Manyara mwaka 2016. Hakuna wifi aliyehusika.

Nisikufiche upande wa pili. Ladha ya sarafu mdomoni mimba pia huileta. Choo kigumu mimba huleta. Huenda vidonge vile ni unga wa mkaa na iliki, na tumbo lako ni vidonda vya kawaida vinavyotibiwa kwa dawa za wiki mbili. Ningefurahi sana. Lakini ulianza na kiungulia na kukonda. Kukatwa kwa tumbo, choo kufunga na kichwa vimekuja baada ya vidonge. Aliyekuambia ndivyo sumu inavyotoka amekuambia jambo ambalo haliwezi kushindwa: ukipona ni dawa, ukizidiwa ni dawa pia.

Nenda hospitali, na uende na kaveera yako. Kutoka Kansanga hadi hospitali ya Nsambya ni boda ya dakika chache ukipita Kabalagala kabla ya foleni. Kama una kliniki ya wajawazito unayoiamini karibu zaidi, nenda hapo. Mwambie daktari mambo matatu mwanzoni kabisa, kabla hajaanza kuandika: nina mimba ya wiki kadhaa, nimetumia dawa hizi miezi minne, nataka damu yangu ipimwe risasi na zebaki. Akikunja uso, rudia. Kipimo hicho hakifanyiki kila mahali, damu hutumwa kwenye maabara kubwa na majibu huchukua siku, kwa hiyo usikubali kuambiwa "hatuna" ukarudi nyumbani. Uliza inapelekwa wapi. Wakati huohuo watazame wingi wa damu, figo, ini, mkojo, presha, HIV, na kama unakohoa, kifua kikuu. Na kile kidudu cha vidonda vya tumbo kisisahaulike, maana ndicho ninachokishuku kwa ile miezi ya mwanzo.

Ikipatikana risasi, tiba ya kwanza ni kuacha chanzo chake, na hiyo umeshaianza leo. Zipo dawa za kuikamata na kuitoa, lakini hizo ni za daktari peke yake, hasa kwa mjamzito. Usiende kununua kitu cha kusafisha damu kwa mtu mwingine. Sitaki kusikia umetoka kwa mzee mmoja ukaingia kwa mwingine. Chakula chenye kalisi na madini ya chuma kinasaidia mwili usiinyonye risasi kwa urahisi, na huko mna mukene, dagaa wa ziwa lilelile la kwenu Mwanza. Waoshe mchanga vizuri, uwale na vichwa. Rolex ya barabarani haikulishi wewe na mtoto. Vidonge vya chuma na foliki watakavyokupa kliniki vimeze.

Vile vyeusi navyo vina mahali pa kwenda. Mamlaka ya dawa ya Uganda, NDA, inapokea taarifa za dawa zinazodhuru watu. Maabara ya serikali ya uchunguzi iko Wandegeya, wengi wanaijua kwa kesi za polisi. Daktari wako ndiye anayejua barua ya kuandika. Mzee naye ana haki ya kuulizwa kabla ya kuhukumiwa: mwombe akuandikie kilichomo, na mwulize amesajiliwa wapi, kwa sababu Uganda ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu 2019. Aliye safi atakuandikia. Atakayekasirika, umepata jibu.

Sasa wifi yako.

Kwenye kitabu cha Sushruta ipo sura nzima ya kulinda jiko la mfalme. Imeeleza mtiaji sumu anavyojulikana: akiulizwa hajibu, anakwaruza ardhi, anacheka bila sababu, rangi inamtoka. Nilisoma nikafikiria wakwe zangu wote. Lakini mistari michache mbele, mwandishi yuleyule anasema kwamba hata watu wema, kwa hofu ya mfalme au kwa haraka ya amri yake, hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo wachunguzwe kwanza. Miezi sita hujala chakula cha mwanamke yule kwa furaha. Unafunua sufuria, unanusa, unasukuma sahani. Kama sasa anababaika ukimwangalia, anakwepa macho, anacheka pasipo na cha kuchekesha, ungetaka afanyeje?

Wewe ni mtu wa Mwanza. Unajua bibi wangapi wa Usukumani wameuawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, na unajua wekundu ule ulikuwa moshi wa kuni au kinyesi cha ng'ombe walichopikia maisha yao yote. Watu wa Kivu nao wanajua jina la karuho likishamganda mtu mtaani linamwishia wapi. Binti yule yuko ugenini, hana kibanda, hana mume, kaka yake yuko njiani. Ukimtoa mlangoni na neno hilo mgongoni, jirani yenu wa Bukavu atahakikisha limefika nyumbani kwao kabla yeye hajapanda basi.

Hapana, usimfukuze. Unadhani sumu imo chakulani? Basi mpike pamoja, mle kwenye sinia moja, yeye na wewe, kwa mwezi mzima. Kabla hujaanza kununua rolex nyote wawili mlikula kilekile, na aliyeumwa ni mmoja, yule aliyekuwa akilamba unga wa kijivu. Kula sinia moja ni jaribio, na halina gharama. Na majibu ya hospitali yakileta jambo la kutia shaka kweli, hapo kuna daktari na kuna polisi, siyo wewe na mwiko.

Mume wako mpigie leo, usimngoje arudi. Anza na mimba, maana hiyo ni habari njema na amestahili kuisikia kwanza. Kisha mwambie habari ya vidonge na ya laki nne. Habari ya dada yake iache. Ukishapata majibu ya maabara utajua kama kuna cha kusema.

Na wifi mwombe akusindikize hospitali kesho. Kaveera aibebe yeye. Mkirudi, niandikie walichosema.